Mwaka wa Miezi Tisa

Kwa mtu aishiye mwambao wa Kigoma, mwaka wa 2024 ulikuwa na miezi tisa tu, kwa kuwa tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi, na ziwa likifungwa hapa kwetu hufungwa na mengi mengine ambayo amri haikuyataja: ujira wa wachukuzi wa mwalo wa Kibirizi, sufuria ya mama lishe wa Katonga, sare ya mtoto wa shule, na hata mngurumo wa mashine za mitumbwi irudiyo alfajiri, ambao sisi wazee wa Ujiji tusio na kazi ya kuamkia tumeuzoea kama saa ya ukutani.

Ni desturi ya magazeti, mwaka ukiisha, kuwauliza watu wamejifunza nini, na watu kwa adabu yao hujibu kwamba wamejifunza kumshukuru Mungu na kutokata tamaa. Sina ugomvi na majibu hayo. Lakini mimi nimefundishwa jambo moja mahsusi juu ya subira, na somo lenyewe sikulipata katika kitabu wala mimbarini, bali katika vichanja vitupu vya kuanikia dagaa.

Hoja ya kulifunga ziwa siipingi. Dagaa na migebuka wamepungua, na kila aliyekula samaki wa hapa utotoni anajua hivyo bila kusomewa takwimu; nyavu za matundu madogo na makokoro yamezoa wachanga pamoja na wakubwa; na fauka ya hayo wataalamu wameonyesha kwamba maji ya juu yamezidi joto, hata yale ya chini, katika ziwa lenye kina cha mita 1,470, hayapandi tena kama zamani kuleta chakula cha samaki wakati upepo wa kusi uvumapo. Nchi nne zinazogawana maji haya, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilipatana kuyapumzisha, na mapatano ya nchi nne juu ya jambo lo lote si haba.

Basi tukaambiwa tusubiri. Methali ya kwamba subira huvuta heri ilitembea mabarazani kutoka Mwanga hata Gungu, ikafika Ujiji imechoka, na msemaji wake aghalabu alikuwa mtu ambaye riziki yake haikutoka majini: mwalimu, karani, mwenye nyumba za kupangisha, mstaafu kama mimi. Jirani yangu mmoja, mama wa makamo ambaye kazi yake ni kununua dagaa wabichi mwaloni, kuwaanika na kuwauza kwa wafanyabiashara wapandao treni kwenda Dar es Salaam, alisikiliza mazungumzo ya namna hiyo barazani pangu siku moja ya Juni, karibu na Idi ya kuchinja, kisha akasema kwa taadhima kamili, “Mzee wangu, subira yako ina mshahara, yangu haina.” Akaaga, akaenda zake.

Neno lile limekaa nami tangu siku ile. Maana ni dhahiri kwamba sote wawili tulikaa miezi ileile, tukitazama maji yaleyale, na kwa macho ya mpita njia tulikuwa tukifanya jambo moja. Ilhali mimi nilikuwa nikingoja, naye alikuwa akilipa. Alilipa kwa kuuza kwanza doti za khanga zilizokuwa akiba yake, kisha kwa kukopa unga, kisha kwa kumpeleka mtoto kwa shangazi yake shambani, ambako muhogo na mawese havikufungwa na mtu.

Wako wanaodai kwamba taabu yote ilitokana na wavuvi kutojua kusubiri. Insafu yataka tuseme kweli. Mvuvi wa dagaa wa Kigoma amejua kusubiri kabla ya wizara yo yote kuzaliwa, kwa sababu kazi yake ni ya giza: huwavuta dagaa kwa taa, zamani karabai na sasa taa za sola, na mbalamwezi ikiwaka taa hiyo haifai kitu, hivyo kila mwezi hupandisha mtumbwi mchangani, akashona nyavu, akalala na familia yake, mpaka giza lirudi. Huo ni mfungo alioupima mwenyewe, na masurufu ya nyumba yake yalipangwa kwa kadiri yake. Siku chache za mwezi mpevu ni jambo moja. Siku tisini ni jambo jingine. Na kwa kuwa kalenda ya ofisi ni ya jua na ya mvuvi ni ya mwezi, ziwa lilifunguliwa tarehe 15 Agosti, mwezi ukatimia duara tarehe 19, na hivyo wale waliosubiri robo ya mwaka wakaipokea ruhusa yao katika siku zilizokuwa mbaya kuliko zote kwa kazi yao. Yamkini hakuna aliyekusudia hivyo. Lakini mvuvi mmoja tu angaliulizwa, angalisema.

Katika miezi ile nilishuka mara kwa mara bandarini, nikaitazama meli ya Liemba ikingoja matengenezo, na historia yake, ambayo tumewahadithia wageni hata tukaichoka, ikanijia kwa sura mpya. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande, ikavuka bahari hata Dar es Salaam, kisha ikaletwa huku kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914. Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha karibu na mlango wa mto Malagarasi ili isiangukie mikononi mwa adui. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi wao waliipaka injini grisi, kwa uangalifu wa mtu anayetumaini kurudi, na Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 wakaikuta haikuharibika, hata mwaka 1927 ikaanza tena kuchukua abiria kwa jina ililo nalo leo. Miaka ile chini ya maji haikuiua, kwa sababu walioisimamisha walifanya kwanza kazi ya kuisitiri.

Watu wa mwalo walisimamishwa bila grisi. Sisemi kwamba hapakuwa na tadbiri yo yote: palizungumzwa habari ya kufuga samaki vizimbani, na hilo ni jema, ila kizimba chataka mtaji, na samaki wake hakui kwa wiki mbili. Mafundi wa mitumbwi walipata kazi, na baadhi ya vijana walikwenda Ilagala kulima. Waliobaki, na hao ndio wengi, waliingia katika madaftari ya maduka na ya wale wafanyabiashara wanaowakopesha wavuvi mashine na nyavu kwa sharti la kuuziwa dagaa kwa bei watakayoitaka wao. Hivi kwamba samaki waliovuliwa Septemba walikuwa wamekwisha kuliwa Juni.

Ningependa ziwa lifungwe tena, na ningependa gharama yake isikae juu ya kichwa kimoja. Halmashauri zetu zinazotoza ushuru wa samaki miezi tisa zaweza kutenga sehemu yake kwa ajili ya miezi mitatu. Vikundi vya akina mama waanikao dagaa vyaweza kuanza kuweka akiba Januari badala ya kukopa Mei. Nawe msomaji mwenye nyumba Kibirizi, au duka Ujiji, au deni juu ya mtumbwi wa mtu, usingoje tangazo: mwite mpangaji wako au mdeni wako wiki hii, ingali mapema na nyavu zingali majini, mpatane jinsi kodi na deni vitakavyolipwa ziwa likifungwa, na mapatano hayo yaandikwe mbele ya mashahidi.