Mwenzi Wako Ni Mgeni? Hesabu Siku Kabla Pasi Haijaisha



Katika mitaa yetu ya Eastlands, kuanzia Makadara na Jericho mpaka Kayole na Dandora, si ajabu kukuta nyumba ambayo baba ni wa Machakos na mama ni wa Tanga. Nyumba ya pili, mama ni wa Siaya na baba ni Mganda wa Mbale. Ukifika Eastleigh utakuta wenzetu wa kutoka Ethiopia na Somalia. Watu hawa tunaishi nao, tunazikana nao, na kila wiki tunachanga nao pesa katika vikundi vyetu. Lakini wengi wao wana jambo moja wanaloficha: karatasi zao za kukaa nchini zimeisha muda, au hazijawahi kuwako.

Tuchukue mfano. Tumwite Mama Neema. Alizaliwa Tanga, akaolewa na fundi wa magari wa Kayole. Mahari ilitolewa, wazee wakala, wakaja Nairobi. Miaka sita sasa. Kikundi chake kiliamua kufungua akaunti ya benki, na kila mmoja akaambiwa alete kitambulisho. Mama Neema akanyamaza. Mkutano uliofuata hakuja. Mwenyekiti alipomfuata nyumbani, alimjibu, "Mimi si mgeni, dada. Watoto watatu nimezaa hapa hapa." Ni kweli. Lakini ofisini hawahesabu watoto. Wanaangalia karatasi na tarehe.

Makala hii inaeleza karatasi hizo ni zipi, zinaombwa lini, na vipi.

Je, ni viza au ni pasi?

Wengi husema "viza ya mke" au "viza ya mume". Kwa kweli, karatasi inayompa mke au mume wa Mkenya ruhusa ya kukaa ni pasi ya mtegemezi. Viza ilikuwa ya kuingilia nchini tu, na tangu Januari 2024 Kenya iliondoa viza za wageni, ikaweka kibali cha kusafiri kinachoombwa kwa kompyuta.

Jirani zetu wa Afrika Mashariki huingia bila shida nyingi. Mpakani, raia wa Tanzania au Uganda anaweza kugongewa muhuri wa kukaa hadi miezi sita. Hapo ndipo mtego ulipo. Wengine kila miezi sita hupanda basi mpaka Namanga au Busia, hugonga muhuri wa kutoka, hunywa chai, hugonga muhuri wa kuingia, hurudi. Muhuri huo ni wa mtu anayetembea. Mtu aliyeolewa, mwenye nyumba na watoto shuleni, hatembei. Anaishi. Siku ofisa wa mpakani atakapouliza, atakosa jibu.

Ngazi tatu

Sheria yetu imeweka ngazi tatu. Ni vizuri kuzijua zote, ili mtu asikae kwenye ngazi ya kwanza maisha yake yote.

1. Pasi ya mtegemezi. Hii ndiyo ya kuanzia. Ina tarehe ya kwisha, na lazima iongezwe muda. Kumbuka kwamba haimruhusu mwenye nayo kuajiriwa wala kufanya biashara. Akitaka kazi, anahitaji kibali kingine.

2. Ukaazi wa kudumu. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inasema aliyekaa katika ndoa na Mkenya kwa miaka mitatu au zaidi anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Akipewa, anaishi na kufanya kazi bila kuhesabu miezi tena.

3. Uraia. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 15, inasema aliyeishi katika ndoa na raia kwa miaka saba au zaidi ana haki ya kuandikishwa kuwa raia akiomba. Hauji wenyewe. Huombwa. Ndoa iwe ya kweli, si ya kutafutia karatasi, na wawili hao wawe wanaishi pamoja wakati wa kuomba.

Zamani, kabla ya katiba hii, mwanamke mgeni aliyeolewa na Mkenya aliweza kupata uraia, lakini mwanamume mgeni aliyemwoa Mkenya hakuwa na haki hiyo. Dada zetu wengi walihangaika na waume zao kwa sababu hiyo. Siku hizi sheria ni moja kwa wote wawili. Na watoto? Mtoto ambaye baba au mama yake ni Mkenya ni raia tangu kuzaliwa. Hahitaji pasi. Anahitaji cheti cha kuzaliwa.

Mama Neema, kwa miaka yake sita, angekuwa amekwisha kuvuka ngazi ya pili, akisubiri mwaka mmoja tu kuomba ya tatu. Yuko chini kabisa, kwa sababu ya karatasi moja.

Cheti cha ndoa ndicho ufunguo

Karatasi hiyo ni cheti cha ndoa. Mahari ni mahari, na wazee ni mashahidi wazuri, lakini bila cheti ofisi haiwezi kujua ndoa ilianza lini. Na bila tarehe ya ndoa huwezi kuonyesha miaka mitatu wala saba. Njoo-tukae ndiyo ngumu zaidi, maana haina hata siku ya sherehe.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za Kihindu, za serikali na za kimila. Zote zinaandikishwa. Waliofunga ndoa kanisani wahakikishe wana cheti cha serikali, si kadi ya kumbukumbu ya arusi. Waislamu waulize kwa kadhi au imamu mwenye leseni. Ndoa ya kimila inatakiwa ipelekewe Msajili wa Ndoa habari zake ndani ya miezi mitatu baada ya desturi kukamilika. Waliochelewa wasikae nyumbani kwa aibu. Waende kwa Msajili, Sheria House, wakaulize njia. Mgeni anayetaka kufunga ndoa hapa Kenya ataulizwa pia barua ya kutoka kwao inayothibitisha kwamba hana ndoa nyingine inayomzuia, basi aitafute mapema.

Wakati wa kuomba: hesabu kurudi nyuma

Usingoje tarehe ifike. Ichukue tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye pasi, kisha hesabu kurudi nyuma. Sisi tunashauri hivi:

Miezi mitatu kabla: Angalia pasipoti. Kama nayo inakaribia kuisha, anza kwa ubalozi wa nchi yake. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka mipaka kwa kitambulisho cha taifa, na ni jambo jema. Lakini kwa pasi ya mtegemezi ni pasipoti inayotakiwa.

Miezi miwili kabla: Kusanya karatasi zote na upeleke maombi. Ukipeleka mapema, kama kuna kasoro utaambiwa ukiwa bado na nafasi ya kurekebisha.

Mwezi mmoja kabla: Fuatilia. Andika namba ya maombi kwenye daftari, si kwenye simu peke yake. Simu huibiwa.

Pasi ikishaisha kabla hujaomba, uko katika kosa. Kukaa nchini bila ruhusa kunaweza kuleta faini hadi shilingi 500,000, au kifungo hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

Namna ya kuomba

Maombi siku hizi hufanywa kwa kompyuta, kwenye mtandao wa serikali wa huduma za wageni, unaofunguliwa kupitia eCitizen. Asiyejua kompyuta aende saiba na mtu anayemwamini, au Huduma Centre ya Makadara wamwelekeze. Makao makuu ya Uhamiaji ni Nyayo House, katikati ya jiji. Wako wazee wanaoliogopa jengo hilo kwa sababu ya watu walioteswa humo chini miaka ya 1980. Hatuwalaumu. Lakini leo mnakwenda kutafuta haki yenu, nendeni wawili, mchana.

Karatasi za kutayarisha:
- barua ya mwenzi Mkenya, iliyotiwa sahihi, ikieleza kwamba anaomba mke au mume wake aendelee kukaa naye;
- kopi ya kitambulisho cha Mkenya huyo;
- kopi ya cheti cha ndoa; kama kimeandikwa kwa lugha ya kigeni, kitafsiriwe rasmi;
- kopi ya pasipoti, pamoja na ukurasa wenye pasi ya zamani;
- picha ndogo za rangi.

Ada hubadilika, kwa hiyo soma ile iliyo kwenye mtandao siku hiyo, ulipe kwa njia iliyoonyeshwa, na uweke risiti. Yeyote anayesema "nipe mimi nitakupelekea kwa rafiki yangu" ni broka. Muhuri wa broka unaweza kuwa wa bandia, na aliyebeba pasipoti ndiye atakayekamatwa nao.

Mgeni yeyote anayekaa zaidi ya miezi mitatu ni lazima pia ajiandikishe apewe kitambulisho cha mgeni. Hiki ndicho Mama Neema angekionyesha benki. Na yule ambaye ni mkimbizi ana njia yake, kwenye Idara ya Huduma za Wakimbizi. Asipoteze kadi yake ya ukimbizi kabla hajapata ushauri.

Barua isiwe rungu

Sasa tuseme jambo ambalo halisemwi. Barua inaandikwa na mwenzi Mkenya. Nyumba ikiwa na amani, ni karatasi tu. Nyumba ikiwa na vita, inageuka rungu: "Ukinijibu tena, sikuandikii barua, urudi kwenu." Mama anapigwa, na hathubutu kwenda kituo cha polisi kwa sababu pasi imeisha.

Ndiyo maana tunasisitiza ngazi ya pili. Mwenye ukaazi wa kudumu haombewi barua kila mara pasi inapokwisha. Mwaka wa tatu wa ndoa ukitimia, ombeni, mkiwa bado mnacheka pamoja. Aliyekwisha kuingia shidani asikimbie wala asijifiche. FIDA Kenya husaidia akina mama, na Kituo cha Sheria, kilichoanza mwaka 1973, hutoa ushauri wa sheria kwa wasio na uwezo. Mjane wa Mkenya naye asikate tamaa, sheria ya 2011 haikumsahau. Aende akaulize kabla ya kuondoka nchini.

Kikundi kifanye nini?

Katibu aweke ukurasa mmoja katika daftari la kikundi, aandike tarehe za pasi za wanachama wanaokubali, na awakumbushe miezi mitatu kabla. Wengine wameanza kuweka akiba ndogo ya kukopesha ada. Na mwenzenu akiacha kuja mkutanoni ghafula, msimseme. Mfuateni kama mwenyekiti wa Mama Neema alivyofanya. Labda hana deni la kikundi. Labda ana tarehe iliyopita.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Je, katika kikundi chetu nani ana mwenzi mgeni, na tumewahi kumwuliza kama anahitaji msaada?
2. Ni ndoa ngapi kati yetu hazina cheti? Kinachotuzuia ni nini: pesa, aibu, au kutojua?
3. Mwanachama akitishwa nyumbani kwa sababu ya karatasi, sisi tutasimama wapi?