Biashara: Picha ya saini si saini ya kidijitali, kampuni za mashariki mwa Kongo zijihadhari

Direkta yuko Kinshasa, bidhaa ziko Butembo, mnunuzi yuko Kampala, na mkataba unatakiwa utiwe saini leo. Katika ofisi nyingi kazi hiyo inafanyika hivi: sekretari anaandika mkataba, anabandika picha ya saini ya direkta iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta, anaongeza picha ya muhuri, kisha anatuma PDF kwa WhatsApp. Dakika kumi tu, kila mtu ameridhika.

Shida inakuja baadaye. Yeyote aliyepokea picha hiyo mara moja anaweza kuikata na kuibandika kwenye karatasi nyingine: oda ya bidhaa, barua ya kutoa pesa, hata hati ya deni. Siku direkta atakaposema si yeye aliyetia saini, hakuna kitu ndani ya faili kinachoonyesha nani anasema kweli. Na mteja akikana deni lake, kampuni inabaki katika shida ileile.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2025. AFC/M23 ilipochukua Goma mwisho wa Januari na Bukavu katikati ya Februari, benki za Goma zilifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Wasafiri wengi wa kwenda Kinshasa walilazimika kuzunguka kupitia nchi jirani, na karatasi zao vilevile. Kusaini kwa mbali si anasa tena kwa wafanya biashara wa Kivu.

Sheria inasema nini

Kongo ina sheria ya mambo ya kidijitali, inayojulikana kwa Kifaransa kama Code du numérique, iliyotiwa saini na Rais Félix Tshisekedi tarehe 13 Machi 2023. Sheria hiyo inakubali maandishi ya elektroniki kuwa ushahidi kama karatasi, mradi mwandishi wake ajulikane na faili itunzwe bila kubadilishwa.

Kabla ya hapo, Kongo iliingia katika OHADA mwaka 2012. Sheria ya OHADA juu ya biashara, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, nayo inazungumzia saini ya elektroniki: iwe imefungamana na mwenyewe tu, ifanywe kwa chombo kilicho mikononi mwake peke yake, na badiliko lolote la baadaye lionekane. Picha iliyobandikwa haitimizi hata sharti moja kati ya hayo.

Inavyofanya kazi

Saini ya kidijitali ya kweli si mchoro, ni hesabu. Mwenye saini ana funguo mbili zinazokwenda pamoja: moja ya siri anayobaki nayo, nyingine ya wazi ambayo kila mtu anaweza kuipata. Wazo hilo lilitangazwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976.

Wakati wa kusaini, programu inasoma faili yote na kuifupisha kuwa namba moja, kama alama ya kidole ya ile faili. Kisha ufunguo wa siri unatumika kutia saini juu ya namba hiyo. Anayepokea anahakikisha kwa ufunguo wa wazi. Mtu akigeuza dolari 10 000 kuwa 100 000, ameongeza sifuri moja tu, lakini alama inakuwa nyingine kabisa na programu inaonya kwamba faili imeguswa.

Linabaki swali moja: ufunguo wa wazi ni wa nani? Hapo kinahitajika cheti, kinachotolewa na mtoaji anayeaminika baada ya kuhakikisha kitambulisho cha mtu. Mtoaji mwenyewe akiwa dhaifu, yote yanaanguka. Mwaka 2011 kampuni ya Uholanzi DigiNotar iliingiliwa na wadukuzi, vyeti bandia zaidi ya 500 vikatolewa kwa jina lake, na mwezi Septemba ikafilisika.

Mahali pa kuteleza

Mara nyingi hesabu si tatizo. Tatizo ni desturi za ofisi. Direkta anayempa sekretari neno lake la siri ili asaini wakati yeye yuko safarini amerudisha picha ya kubandika kwa mlango wa nyuma. Ikiwa sekretari anapaswa kusaini, apewe cheti chake na mamlaka yaliyoandikwa: karatasi zipi, mpaka pesa ngapi. Mfanyakazi akiacha kazi, cheti chake kifutwe siku hiyohiyo.

Ufunguo wa siri usiachwe wazi kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wote. Ni salama zaidi ukae ndani ya kifaa kidogo kama ufunguo wa USB, chenye namba ya siri.

Anayepokea naye ana wajibu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, Ujerumani, walionyesha kwamba kati ya programu 22 za kusomea PDF kwenye kompyuta, 21 ziliweza kudanganywa juu ya saini. Dawa ni kutumia programu iliyosasishwa, na kufungua maelezo ya saini: jina la nani, cheti cha nani, tarehe gani. Na ikiwa fakture inakuja na namba mpya ya akaunti, mteja apigiwe simu kwa namba ya zamani kabla ya kulipa.

La mwisho ni kuhifadhi. Wengi wanachapa mkataba, wanauweka katika kabati na kufuta faili. Kufanya hivyo ni kutupa saini yenyewe, maana karatasi iliyochapwa inabeba maneno tu. Faili ya asili ndiyo ushahidi, itunzwe katika sehemu mbili zilizo mbali, pamoja na alama ya saa inayoonyesha ilisainiwa lini. Kwa mfanya biashara ambaye ofisi yake inaweza kufungwa au kuporwa usiku mmoja, nakala iliyo mbali inaweza kuwa kitu pekee kitakachomsaidia kudai haki yake.