Bata Mwenye Miwani

Umewahi kukutana na ndege ukakosa jina lake kabisa? Mimi juzi, Barabara ya Kangundo pale Ruai, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Niko steji nangoja matatu, naona bata amesimama ukingoni mwa lami. Ni mkubwa kuliko wa nyumbani, na kila jicho limezungukwa na doa la kahawia, utadhani amevaa miwani.

Vijana wa boda walikuwa washagawana nyama.

"Huyo ni wa mtu, amepotea," mmoja akasema, jiwe mkononi.

"Na mbona hatoroki?" nikamuuliza.

Hakujibu. Nikampiga bata picha, nikaiweka kwenye Merlin, programu ya bure ya kutambua ndege. Jibu likaja: bata bukini wa Misri. Lakini wewe usiamini simu pekee, kagua mwenyewe. Miwani ipo? Kuna doa la kahawia katikati ya kifua? Miguu ni ya waridi? Akikunjua mabawa, unaona weupe mwingi? Basi ndiye. Jina lisikuchanganye, huyu si mgeni. Wamisri wa kale walimchora, lakini hapa Kenya ni kwao pia.

Nikazidi kusoma kwa sauti. Bata huyu hutaga hata kwenye shimo la mti, mbali na maji. Vifaranga wakishaanguliwa, wazazi huwaongoza kwa miguu hadi majini.

Tukatazamana. Tukachungulia mtaroni. Vifaranga sita, wamejikunyata kwenye nyasi! Ng'ambo ya barabara mzazi wa pili alikuwa akipiga kelele. Baba au mama? Sijui, wanafanana rangi.

Jiwe likatupwa kando. Yule yule kijana akaingia barabarani, akainua mkono, matatu ikasimama. Makanga alianza kufoka, kisha akaona msafara, akanyamaza. Wakavuka wote wakaelekea upande wa mabwawa ya majitaka.

Ningeweza kuwatisha vijana na Sheria ya Wanyamapori ya 2013, maana kuua ndege wa mwituni bila kibali ni kosa. Haikuhitajika. Kumjua kulitosha.

Kwa hivyo ukimwona bata usiyemjua kando ya barabara, usimrushie kitu, wala usimbebe nyumbani eti unamwokoa. Simama mbali, piga picha, tazama macho, kifua na miguu. Halafu chungulia mtaroni. Huenda hayuko peke yake.