Mita za mwisho: kumpita mwenzako kwenye utepe ni haki au utovu wa adabu?

Mkimbiaji mmoja ameongoza kwa kilomita tisa, akikata upepo peke yake. Mwingine amejibanza nyuma ya mgongo wake muda wote huo. Zikibaki mita hamsini, yule wa nyuma anachomoka, anampita na kukata utepe. Watazamaji wanagawanyika: wengine wanashangilia, wengine wananung'unika kwamba ushindi umeibwa.

Manung'uniko ya aina hiyo hayajui mpaka. Yanaweza kusikika kwenye uwanja wa shule Nchelenge au Kashikishi, au Kilwa ng'ambo ya Ziwa Mweru, kama yanavyosikika kwenye Michezo ya Olimpiki. Kanuni za riadha zinayajibu kwa ufupi: mbio ni za umbali mzima, na aliyeweka akiba ya nguvu kwa ajili ya mwisho hajamdhulumu mtu. Kwa Wazambia mfano uko karibu. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham, Agosti 2022, Muzala Samukonga alimpita Mwingereza Matthew Hudson-Smith katika hatua za mwisho za mita 400, akashinda kwa sekunde 44.66. Hakuna aliyemwita mwizi.

Asiyetaka kupitwa namna hiyo anayo dawa, ingawa ni chungu. Mtanzania Filbert Bayi aliitumia huko Christchurch mwaka 1974, katika fainali ya mita 1500 ya michezo hiyo hiyo. Alitimka mbele tangu mwanzo na hakungoja mtu. John Walker wa New Zealand alimfukuzia hadi mwisho bila kumfikia, na Bayi akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16.

Sheria inachokataza si kumpita mtu, bali kumzuia au kumsukuma. Hata hapo waamuzi huwa na kazi ngumu, kwa sababu miili iliyochoka hugongana bila nia mbaya. Katika marathoni ya wanawake ya Olimpiki ya Paris, Agosti 2024, Sifan Hassan wa Uholanzi na Tigst Assefa wa Ethiopia walipigana vikumbo kwenye kona wakiwa wamebakiwa na umbali mfupi tu. Hassan alishinda kwa sekunde tatu. Ethiopia ilikata rufaa, rufaa ikakataliwa. Anayehesabiwa kuwa amefika ni yule ambaye kiwiliwili chake kimegusa mstari. Kichwa, mkono na mguu havihesabiki. Ndiyo maana wakimbiaji huinamisha kifua mbele mwishoni. Mkenya Paul Tergat anajua uzito wa jambo hilo: huko Sydney mwaka 2000, baada ya mita 10,000, alishindwa na Haile Gebrselassie wa Ethiopia kwa sekunde 0.09 tu.

Basi adabu iko wapi? Kesi iliyolitoa wazi jambo hili ilitokea Beijing tarehe 14 Aprili 2024, na haikuhusu mtu aliyekimbia kupita kiasi. Katika nusu marathoni ya mji huo, Wakenya Willy Mnangat na Robert Keter, pamoja na Dejene Hailu wa Ethiopia, walikaribia utepe wakiwa na Mchina He Jie. Video zilionyesha Waafrika hao wakipunguza mwendo, na mmoja wao akimwashiria He Jie apite. Akapita, akashinda kwa sekunde moja.

Mnangat aliiambia BBC kwamba hawakuwa wameajiriwa kushindana. Kazi yao, alisema, ilikuwa kuongoza kasi ili He Jie avunje rekodi ya China, na rekodi hiyo haikuvunjwa. Kuongoza kasi ni kazi halali na yenye malipo. Lakini uchunguzi ulibaini kwamba waandaaji hawakuwa wamearifiwa kuwa hao ni waongoza kasi, na namba walizovaa vifuani hazikuonyesha hivyo. Kwa mtazamaji, hao walikuwa washindani wanne. Siku chache baadaye wote wanne, He Jie akiwemo, walinyang'anywa medali na zawadi zao.

Ni rahisi kuwalaumu wale watatu, lakini lawama hiyo ingekuwa fupi ya macho. Mwanariadha anayesafiri kwenda kukimbia kwa mkataba wa mtu mwingine hana sauti kubwa kuhusu namba anayopewa avae. Aliyedanganywa zaidi, hata hivyo, ni yule aliyesimama kando ya barabara akiamini anachokiona. Tena mwongoza kasi hakatazwi kushinda. Mkenya Simon Biwott aliingia marathoni ya Berlin mwaka 2000 kama mwongoza kasi, akaendelea kukimbia mpaka mwisho na kutwaa ushindi. Heshima ya kwanza anayodaiwa mpinzani ni kukimbiwa kwa nguvu zote. Kumwachia ushindi kwa siri ni kumdharau yeye na umati.

Hata hivyo kuna wakati ambapo kujizuia ndiko kunakostahili sifa. Desemba 2012, katika mbio za nyika huko Burlada, kaskazini mwa Hispania, Mkenya Abel Mutai alikuwa anaongoza kwa mbali. Mutai, aliyeshinda medali ya shaba ya mita 3000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya London mwaka huo huo, alidhani amekwisha kumaliza, akasimama mita chache kabla ya mstari. Mhispania Iván Fernández Anaya alimfikia. Badala ya kumpita, alibaki nyuma yake na kumwelekeza kwa ishara, kwa kuwa hawakuwa na lugha moja, mpaka Mutai akavuka wa kwanza.

Fernández Anaya alieleza baadaye kwamba pengo lile asingeliziba kama Mutai asingekosea. Kocha wake, Martín Fiz, bingwa wa dunia wa marathoni wa mwaka 1995, hakukubaliana naye. Alisema yeye angeitumia nafasi hiyo. Wote wawili walikuwa ndani ya sheria. Tofauti na Beijing, hapakuwa na mapatano ya siri: kila aliyekuwapo aliona kilichotendeka na sababu yake.

Kosa la kuhesabu mstari si sawa na miguu kuisha nguvu. Februari 2015, katika marathoni ya Austin nchini Marekani, Mkenya Hyvon Ngetich alianguka akiwa karibu kumaliza, baada ya kuongoza sehemu kubwa ya mbio. Alitambaa kwa mikono na magoti hadi kwenye mstari, wahudumu wakimfuata na kiti cha magurudumu bila kumgusa, kwa maana kusaidiwa kusonga mbele kungemwondoa mashindanoni. Akawa wa tatu, sekunde tatu nyuma ya wa pili. Waliompita hawakuvunja adabu yoyote. Mwandaaji wa mbio aliamua kumwongezea Ngetich zawadi ifikie ile ya mshindi wa pili.

Kwa maelfu wanaokimbia nyuma ya mabingwa bila kuwania medali, mambo ni mepesi zaidi. Kuongeza kasi mwishoni ni furaha yao halali, mradi wapite pembeni, pasipo kumpiga kiwiko mzee au mzazi aliyemshika mtoto mkono. Wanaotaka kuvuka wameshikana mikono wasitande barabara nzima. Na aliyekwisha kuvuka asisimame papo hapo kutazama saa yake, kwa sababu nyuma yake yupo mwingine anayekuja kwa kasi, macho yakiwa kwenye utepe.