Tundu la Moyo kwa Mtu Mzima

Katika vilima vya Masisi na pori la Walikale kuna watu wazima wanaosema: «Zamani nilipanda mlima bila taabu. Sasa pumzi inakatika njiani, moyo unapiga mbiombio, na jioni miguu inavimba.» Jirani wanajibu: «Ni uzee,» ao: «Umelogwa.» Magonjwa mengi yanaleta dalili hizi. Leo tujifunze moja linalosahauliwa: tundu la moyo ambalo mtu alizaliwa nalo.

Moyo una vyumba vinne, na ukuta katikati. Upande wa kuume unapeleka damu kwenye mapafu. Upande wa kushoto unaipeleka mwilini mwote. Watu wengine wanazaliwa na tundu katika ukuta ulio kati ya vyumba viwili vya juu.

Kwa nini halikujulikana utotoni? Kwa sababu damu inayopita tunduni ni damu safi. Inarudi tena kwenye mapafu bure. Moyo wa kijana unavumilia kazi hiyo. Lakini miaka ikipita, upande wa kushoto unakuwa mgumu, damu inazidi kupita tunduni, na upande wa kuume unapanuka na kuchoka.

Je, mzee anaweza kutengenezwa? Ndiyo. Mwaka wa 1953, kule Philadelphia, Marekani, munganga John Gibbon alifunga tundu la namna hii kwa msichana wa miaka 18, huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu yake. Leo hata watu waliopita miaka 60 wanatengenezwa. Munganga anapasua kifua na kushona kiraka. Ao, tundu likifaa, anapitisha mrija mwembamba katika mshipa wa paja na kuweka kifuniko kidogo moyoni. Kazi hii inafanywa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanza mwaka wa 2015, na Kampala, katika taasisi ya moyo iliyo Mulago.

Lakini si kila tundu linafungwa. Mapafu yakiisha kuharibika kwa wingi wa damu, kulifunga kunaweza kumwua mgonjwa. Midomo na kucha za rangi ya buluu ni onyo.

Kwa hiyo msiuze ng'ombe wala shamba mbele ya kujua. Kwanza mgonjwa aende hospitali, moyo wake usikilizwe. Kisha apigwe ekografi ya moyo, hata ikiwa ni lazima kusafiri mpaka Goma. Ekografi haina kisu wala maumivu. Tundu lisipofungika, ziko dawa za kupunguza uvimbe na kutuliza moyo.

Basi, msimwambie mzee, «Ni uzee tu.» Apimwe mapema, wakati tundu lingali linaweza kufungwa.