Kabla ya Doksisaiklini, Darubini

Ugonjwa wa Lyme umevuma duniani kiasi kwamba hata mfugaji wa Timau, Meru, au Siakago, Embu, akiumwa na kupe anaweza kudhani ndio uliompata. Dhana hiyo ina msingi mdogo. Lyme ni ugonjwa wa Marekani, Ulaya na sehemu za Asia, wanakoishi kupe wa misituni wanaoubeba. Kenya taarifa zake ni chache mno, mojawapo ikiwa ile ya wagonjwa wawili iliyotoka kwenye East African Medical Journal mwaka 2005. Hata hivyo Lyme ina ndugu mwenye historia ndefu katika eneo hili, nayo ni homa ya papasi, inayoletwa na bakteria wa jamii hiyohiyo ya Borrelia. Mwaka 1950 jarida hilohilo lilichapisha makala ya mtafiti G. A. Walton kuhusu homa hiyo katika wilaya ya Meru. Willy Burgdorfer mwenyewe, ambaye bakteria wa Lyme amepewa jina lake, alianza utafiti wake Basel, Uswisi, kwa kuwachunguza bakteria wa homa ya papasi ndani ya miili ya papasi. Watu wanaosoma kuhusu magonjwa haya huuliza kwanza ni dawa gani inayoyatibu. Naamini kwa Meru na Embu swali hilo linakuja mapema mno: dawa zipo, ni za zamani na ni nafuu, lakini hazimfai mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujaonekana.

Papasi si kupe wa majani. Anaishi ndani ya nyumba, kwenye nyufa za kuta za udongo na vumbi la sakafu, na anaweza kukaa miaka bila kula. Robert Koch alionyesha mwaka 1905, akiwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, kwamba papasi huwarithisha watoto wake bakteria kupitia mayai, kwa hiyo nyumba moja yaweza kubaki na maambukizi kizazi baada ya kizazi. Hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda mfupi, kisha hurudi mafichoni bila aliyelala kuhisi lolote. Ndiyo maana mgonjwa akiulizwa kama ameumwa na kupe hukana, tena kwa dhati. Hana lile duara jekundu la ngozi ambalo humwezesha daktari wa Ulaya kuitambua Lyme kwa macho. Ana homa kali ya ghafla, baridi ya kutetemesha, maumivu ya kichwa na ya viungo. Dalili ambazo kule Mbeere au Tharaka, penye joto na mbu, yeyote angeziita malaria. Baada ya siku tatu hivi homa hushuka yenyewe, na dawa yoyote aliyokuwa amemeza hupewa sifa. Wiki moja hivi baadaye homa inarudi, kwa sababu bakteria amebadilisha protini za ganda lake na kinga ya mwili iliyokuwa imemtambua inalazimika kuanza upya.

Matibabu yenyewe hayana utata mkubwa. Mtu mzima hupewa tetrasaiklini miligramu 500 kila baada ya saa sita, au doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Mjamzito na mtoto mdogo kwa kawaida hupewa erithromaisini. Bakteria wakifika kwenye ubongo, hutumika seftriaksoni au penisilini ya mshipani. Lyme nayo hutibiwa kwa dawa za aina hizohizo: doksisaiklini siku 10 ikiwa ni duara la ngozi tu, au amoksisilini siku 14. Wako waliodai kwamba uchovu na maumivu yanayobaki baada ya Lyme yanahitaji miezi ya viuavijasumu, lakini majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 2001 na Uholanzi mwaka 2016 hayakuona faida ya kurefusha dozi. Nalitaja hili kwa kuwa hata kwetu homa isiyosikia dawa hujibiwa kwa kuongeza dawa, ilhali inayostahili kuongezwa ni juhudi ya kuitambua. Tena dozi ya kwanza ya homa ya papasi ina hatari yake. Bakteria wanapokufa kwa wingi, ndani ya saa chache mgonjwa hutetemeka upya, joto hupanda, na shinikizo la damu laweza kushuka vibaya. Huo si mzio, wala si ishara kwamba dawa imemkataa. Anahitaji kukaa chini ya uangalizi, na pengine kuwekewa maji. Aliyenunua vidonge kwenye kemisti akavimeza nyumbani hana wa kumwangalia, na huenda akaviacha siku ileile.

Kuna hoja nzito dhidi yangu, hasa kutoka kwa muuguzi mwenye foleni mlangoni: ikiwa doksisaiklini ni rahisi na huua aina nyingi za bakteria, kwa nini asipewe kila mwenye homa ambaye kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu? Jibu limo kwenye ugonjwa mwingine wa wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi, bruselosi. Huo hudai dawa mbili kwa pamoja, kwa mfano doksisaiklini na rifampisini, kwa wiki sita. Wiki moja ya doksisaiklini peke yake hutuliza homa ya bruselosi na kuwaacha bakteria mwilini, na ugonjwa ukirudi miezi baadaye huenda umekwisha kuingia kwenye mifupa na viungo. Hata vipimo vya haraka vya bruselosi haviaminiki sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikikuta kimojawapo kilichotumika katika vituo vya magharibi mwa Kenya kikikosea mno. Kukisia kwa dawa, basi, hakumpunguzii muuguzi kazi. Kunamletea mgonjwa yuleyule mara ya pili, akiwa na hali ngumu zaidi.

Wengine watasema papasi amekwisha, kwa kuwa watu sasa wamejenga kwa mawe na kusakifu kwa saruji. Kwa sehemu wana haki: saruji humnyima papasi makao, na katika kuzuia ugonjwa huu inashinda kidonge chochote. Lakini nyumba za udongo bado zipo, na kipimo cha haraka cha malaria, ambacho ni kizuri kwa kazi yake, hutafuta protini za vimelea vya malaria tu. Borrelia hakioni kabisa. Zamani mtaalamu wa maabara aliyetafuta malaria kwa darubini aliweza kukutana na bakteria hao bila kuwatafuta, nyuzi nyembamba zilizojisokota kati ya chembe nyekundu za damu. Katika Tanzania ya kati, ambako waliendelea kutafutwa, walipatikana: hospitali ya Mvumi, Dodoma, ilihusika katika utafiti wa mwaka 1998 ulioonyesha kwamba kunyunyiza dawa nyumbani kulipunguza homa hiyo kwa watoto wa chini ya miaka mitano, na mwaka 2003 jarida la Lancet likatangaza aina ya Borrelia kutoka huko ambayo haikuwa imejulikana. Kuwatafuta Meru na Embu hakudai mashine mpya. Damu itolewe homa ikiwa juu, maana ikishuka bakteria huwa wachache mno kuonekana. Ipakwe kwenye kioo na kutiwa rangi ya Giemsa kama ilivyo kwa malaria. Na fomu iseme wazi kwamba homa hii ilikwisha na imerudi. Wa kwanza kufanyiwa hivyo awe mjamzito anayelala katika nyumba ya udongo, kwa sababu homa ya papasi huharibu mimba na kuua watoto wachanga.