Bwawa la samaki na maji ya mto: tuchore plani kabla ya kushika jembe

Ndugu wafanyakazi wa migodi, pamoja na ninyi wamama na vijana wa kambi, leo hatuongei juu ya mshahara wala préavis. Tunaongea juu ya samaki. Likasi, Kolwezi, Kipushi, Lubumbashi, kila mahali tunapopita tunakuta mtu anachimba bwawa. Mmoja anangojea pansio, mwingine kontra yake inaisha, mwingine anataka tu watoto wapate kitu cha kuweka pembeni ya bukari. Tangu départs volontaires za 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitoka Gécamines, wazee wetu wameelewa kwamba mgodi haumlishi mtu paka kaburini.

Bwawa si kitu kipya kwetu. Kule Kipopo, karibu na Lubumbashi, Wabelgiji walikuwa wanasoma namna ya kufuga tilapia tangu miaka ya 1940. Kinachotusumbua leo ni vile mabwawa yanajipanga mengi kwenye kamto kamoja. Wa juu anamwaga, wa chini anachota. Na chini zaidi kuko mama anafua nguo, kuko mtoto anaoga. Maji ya mto Lubumbashi yanaingia Kafubu, Kafubu nayo inaingia Luapula, kwa hiyo kile kinachomwagwa hapa kinaenda mbali.

Hapa njo penye neno letu la sendika. Miaka yote tunawaambia wakubwa: maji yanayotoka kiwandani yapimwe, yasipite mpaka uliowekwa. Lakini sheria ya mazingira ya 2011 inakataza kutupa kitu chochote chenye kuharibu ubora wa maji, na haisemi ni mgodi peke yake. Kuko pia sheria ya maji ya 31 Desemba 2015. Siku injenieri wa mgodi atatuuliza, "Na mabwawa yenu?", tunataka kumjibu kwa karatasi ya labo, si kwa makelele.

Uchafu wa bwawa unatoka wapi? Kwa chakula. Tupige hesabu. Kupata kilo 1 ya tilapia, unatupa karibu kilo 1,6 ya chakula cha kununua. Kama kile chakula kiko na protini asilimia 30, ndani yake muko azoti karibu gramu 77. Samaki anaweka mwilini gramu 25 hivi. Zile 50 zinazobaki zinaenda majini: mavi, chakula kilichoshuka chini bila kuliwa, na zaidi ya yote amoniaki, ambayo samaki anaitoa kwa mashavu yake. Ukivuna tani 1, umetia majini kilo 50 za azoti. Sehemu moja inaliwa na uchafu wa kijani, nyingine inalala ndani ya tope. Inalala paka siku unafungua bwawa lote kwa mara moja, halafu inaamka yote na kuingia mtoni.

Kwa hiyo plani inaanza na siku ya kumwaga, si siku ya kujaza. Tuchukue bwawa la mita 20 kwa 15, lenye maji ya mita 1: mita za ujazo 300. Wafugaji wanajua kwamba tope lingi linatoka na ile sehemu ya tano ya mwisho, wakati watu wanaingia na wavu na kuvuruga chini. Sehemu ya tano ya 300 ni 60. Basi chimba shimo la kutulizia maji chini ya bwawa, mita 10 kwa 8, kina mita 1. Linameza 80, na haliogopi mvua kidogo. Maji ya kwanza, yale ya juu, yatoe polepole yaende kwa bustani. Zile 60 za mwisho zilale shimoni siku mbili tatu, tope lishuke, kisha utoe maji ya juu tu. Na kama unaweza kuvuna kwa wavu bila kumwaga bwawa, ni bora zaidi. Maji yale yatafuga samaki wengine.

Mwenye kutumia mavi ya kuku kuliko chakula cha kununua, naye aangalie. Ingiza mkono majini paka kwenye kiwiko. Kama vidole havionekani tena kabla maji hayajafika kiwiko, simamisha mavi kwanza. Na mwezi wa 6 na wa 7, wakati baridi inatupiga, tilapia anakula kidogo sana. Kumtupia chakula sawa na mwezi wa 10 ni kutupa feza mtoni.

Sasa maji ya kuingia. Hapa tunawaomba sana: usizibe kamto na ukuta, chimba mfereji wa pembeni wenye mlango wa kufunga. Usichote chini ya mahali mgodi unamwaga. Shaba inaua samaki, na katika maji yasiyo na chokaa inaua haraka zaidi. Kuna wanaotia samaki wadogo ndani ya kitunga kwa wiki moja kuona kama wataishi. Fanyeni, lakini haitoshi, sababu samaki anaweza kuishi vizuri na kubeba madini mwilini mwake, na yule samaki ataliwa na mtoto wako. Lazima labo ipime maji, na tope pia. Tope lenye shaba na kobalti usilipeleke kwa lengalenga za mama.

Feza ya labo itatoka wapi? Code minier iliyorekebishwa 2018 inataka kila kampuni itoe angalau 0,3 kwa 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na kuko cahier des charges inayotiwa sahihi na wenyeji wenyewe. Mabwawa yanaandikwa sana mule. Tulizosoma sisi zinataja idadi ya mabwawa na idadi ya vifaranga, basi. Kabla ya kutia sahihi, muulize mambo matatu: shimo la kutulizia maji liko wapi kwenye plani, nani atalipa labo kabla ya kuchimba na kila mwaka, na kama maji ya mto yakikutwa mabaya, nani atalipa samaki waliokufa. Kama hayamo, rudisheni karatasi, na mumuite délégué wenu asome pamoja nanyi.